Ndiyo Zote Nilizompa Daktari

3 Machi

Mwanangu Bi Maswali,

Kabla hujaanza kuuliza, tuko hai sote. Goti la baba yako limepungua uvimbe, ila bado anatembea kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja. Nimemwambia gereji haiendi popote, apumzike. Akanijibu kwamba mabasi hayatembei bila yeye. Ndivyo alivyo mdogo wangu, tangu utoto anajiona ndiye injini. Paa la jikoni tumeziba. Mimi nimepata kazi ya mapazia ya shule ya wauguzi: madirisha marefu mno, kitambaa kizito cha kijani, na cherehani inalalamika mpaka nahisi kwenye viganja. Masikioni siwezi kuhisi chochote, unajua, mitambo ya kiwanda cha nguo ilishamaliza kila kitu huko. Ndiyo maana napenda barua zako. Kwenye simu naonekana mjinga, lakini barua inanisubiri.

Kuna jambo dogo pia. Mwezi uliopita macho yangu yaligeuka manjano, na ngozi ikawasha hadi nikawa najikuna mgongo kwa ile rula ndefu ya kupimia vitambaa. Baba yako akanipeleka hospitali kubwa. Nilimwambia akae getini, sikutaka mtu wa kunisemea kama mtoto. Walinipiga picha ya tumbo, kisha siku ya pili wakanipitisha mrija wenye kamera kooni, nikiwa nusu nimelala. Daktari alikuja kitandani baadaye, kijana mpole, akanieleza kila kitu kwa kirefu. Nikamwitikia. Hakuna la kutisha. Na manjano yenyewe yameanza kuondoka bila dawa.

Usianze.

Shangazi yako


14 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi, kabla sijafika mlangoni. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo. Mchana kutwa wanakata vioo chini yangu, na kila kinapovunjika kimoja, fundi na msaidizi wake wanalaumiana mpaka nacheka peke yangu. Nakula vizuri. Nalala, sana sana. Mwambie Baba asikunje goti likiwa baridi.

Kazi inaendelea. Nimepewa kundi la wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza niwasimamie kwenye ukumbi wa maiti za mafunzo, na wiki hii tuko kwenye tumbo. Uliwahi kuniuliza nawafundisha nini hasa, basi nikueleze. Chakula kikitoka tumboni kinaingia sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ambayo sisi tunaiita duodeni. Imepinda kama mtu aliyekumbatia mto, na huo mto ni kichwa cha kongosho. Ukiipasua kwa urefu na kuisafisha, ukutani utaona kichuchu, kidogo kuliko punje ya dengu. Wanafunzi wakisikia hilo jina wanachekacheka, nami nawaacha wacheke kwanza. Nyongo yote inayotengenezwa na ini, na maji ya kongosho pia, inapitia hapo. Ni mlango mmoja tu, mdogo hivyo. Mlango huo ukizibwa na chochote, nyongo inarudi nyuma na kuingia kwenye damu, macho yanakuwa manjano, ngozi inawasha.

Kwa hiyo naomba unijibu. Daktari alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe? Walichukua kipande cha kupima? Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi? Na, samahani Shangazi, choo chako kilikuwa na rangi gani, na sasa kina rangi gani?

Usiogope. Nauliza tu kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki nzima kwa mwenye duka anayetupokelea barua, alidhani ni ya mpangaji wake. Baba yako kapona na kiburi kimerudi. Mapazia ya wauguzi nimeyamaliza, yakapendeza, wakaniongezea ukumbi wa mikutano.

Sasa wewe. Nimekulea tangu hujui kufunga kamba za viatu, nimekusomesha kwa cherehani hii, na leo unaniandikia ukurasa mzima halafu swali la mwisho ni rangi ya choo changu. Nilikuwa nimekaa barazani na mke wa jirani. Ilibidi niikunje barua haraka, akadhani nimeposwa.

Manjano yameisha. Nimesimama mbele ya kioo na taa, macho meupe kama ya kila mtu. Kuwasha kumeisha. Mtu aliyepona anapimwa nini tena? Nimechoka kidogo tu, nikipanda ngazi za shule ya wauguzi napumzika katikati, lakini mapazia yale ni mazito.

Daktari alisema ni sawa. Alikaa kando ya kitanda, akaeleza, akaeleza. Chumba kizima walikuwa wamejifunika kama warina asali, macho tu ndiyo yanaonekana, lakini macho yake yalikuwa ya huruma. Mwishoni akaniuliza kitu, nikasema ndiyo. Akauliza tena, nikasema ndiyo. Akanigusa bega, akaenda. Mtu anakugusa bega hivyo kama una jambo baya?

Umefanya mtihani wako? Hujaniambia.

Shangazi yako


11 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Mtihani nimefanya, nimefaulu, nitakusimulia siku nyingine. Chumba kizuri. Kila kitu kizuri.

Alikuwa amevaa barakoa.

Umeandika mwenyewe, walijifunika wote, macho tu. Shangazi, wewe husikii kwa masikio tangu mimi nikiwa mtoto. Unasoma midomo. Nilijifunza kukuambia mambo nikiwa nimesimama kwenye mwanga, na nikiwa na kosa nilikuwa nakuambia nikiwa nimegeukia ukuta, ili niwe nimesema na wewe usiwe umejua. Na nakujua unavyofanya usipopata maneno. Unatabasamu, unatikisa kichwa, unasema ndiyo. Ulimkubalia yule fundi rangi hivyo hivyo, mpaka sebule ikawa ya zambarau na ukaapa kwamba ndiyo uliyoitaka. Watu wote mjini wanaamini wewe ni mtu wa kukubali, kumbe hujasikia neno.

Kwa hiyo sijui ulikubali nini pale kitandani, na wewe hujui.

Na kule kuisha kwa manjano, sikukuandikia mara ya kwanza kwa sababu nilitaka kukupumzisha. Wakati mwingine kitu kinachoziba mlango ule ni laini, kinamea pale pale kwenye kichuchu na sehemu yake ya juu inamomonyoka. Kikimomonyoka, nyongo inapata njia tena, na mgonjwa anajiona kapona. Kisha kinamea tena. Kumomonyoka huko kunavuja damu kidogo kidogo, na mtu anachoka akipanda ngazi. Damu ikikutana na choo kilichokosa nyongo, choo kinapata rangi ya ajabu, kama ya bati. Ndiyo maana nilikuuliza lile swali.

Kuna mambo mengi yanayoweza kuziba pale, na mengine ni mepesi. Jiwe la nyongo linaweza. Uvimbe mdogo usio na madhara unaweza. Na mengine pia yanaweza, ambayo si lazima tuyaandike sasa wakati hatujajua. Muhimu ni kurudi. Tafadhali rudi, uende na Baba, aingie ndani. Sijamwambia chochote, nimekuachia wewe.

Mwanao


23 Aprili

Mwanangu,

Baba yako hajambo.

Ndiyo, alikuwa amevaa. Nilijua tangu neno la kwanza kwamba sitapata kitu, na sikusema. Pale kiwandani tuliokuwa hatusikii tulikuwa wengi. Msimamizi akipita tunaitikia, kwa sababu aliyesema "sijasikia" mara mbili alihamishiwa kufagia. Hiyo tabia haitoki mwilini. Halafu kuna aibu. Mtu mzima, umelala na nguo yao iliyo wazi nyuma, uanze kumwambia mtoto wa watu nionyeshe mdomo wako.

Kuhusu lile swali lako. Ndiyo. Kama sufuria mpya. Ilitokea kabla macho hayajasafika, nikafikiri ni rangi ya kitambaa imeniingia mwilini. Usicheke.

Lakini na wewe umejifunika. Nimeisoma barua yako mara nyingi, ni ndefu, ina milango na vichuchu na kumomonyoka, na kila ninapokaribia neno lenyewe unageukia ukuta kama ulivyokuwa mtoto. "Mengine pia yanaweza." Yapi? Mimi kusikia ndiko nisikoweza. Kusoma naweza.

Niandikie neno.

Shangazi yako


2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Saratani.

Nimekaa mbele ya karatasi hii muda mrefu na neno lenyewe lina herufi chache hivyo. Inaweza kuwa saratani ya kile kichuchu. Sijui kwa hakika, na hakuna anayeweza kujua bila kipande kilichopimwa, na nadhani walikichukua na majibu yako huko yanakusubiri. Lakini manjano yaliyokuja yakaondoka, uchovu, na ile rangi ya sufuria, vikikaa pamoja mimi siwezi kufikiria kitu kingine kwanza. Nimejaribu. Nimesoma vitabu vyote vya maktaba nikitafuta kitabu kitakachonibishia.

Nikueleze na upande wa pili, na huu si wa kukutuliza, ni kweli. Uvimbe wa kongosho lenyewe unaweza kukua kimya kimya mpaka umechelewa. Huu wa kichuchuni unakaa mlangoni, kwa hiyo hata ukiwa mdogo unaziba na kujitangaza. Wengi wanaowahi wanafanyiwa upasuaji na wanaishi. Upasuaji wenyewe ni mkubwa. Wanaondoa duodeni, kichwa cha kongosho, kifuko cha nyongo na mwisho wa mrija wake, wakati mwingine na kipande cha tumbo, kisha wanaunganisha upya kila kilichobaki. Unachukua karibu siku nzima. Wachache hawatoki salama. Wengi wanatoka, lakini taratibu.

Jana niliwaonyesha wanafunzi kile kichuchu kwenye maiti ya mwanamke wa umri wako. Mmoja akaniuliza swali la kawaida kabisa, nikamwambia akatafute mwenyewe. Akadhani ninamfundisha.

Uliniuliza zamani kwa nini siji likizo. Nasema ni nauli, nasema ni kazi. Ni kwa sababu nikija nitaona macho yako kwa macho yangu, na baada ya hapo sitaweza kujidai sijui.

Rudi hospitali. Tafadhali.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na asante kwa neno.

Tulienda. Baba yako nilimwambia njiani, ndani ya teksi, akatazama dirishani mpaka tukafika, kisha akamlipa dereva na kusahau kushuka. Yule daktari alikuwepo. Nikamwambia kabla hajaanza: mimi sisikii, nilikudanganya, nionyeshe mdomo. Akanivutia kiti nikae karibu na dirisha, akakaa mbele yangu, akashusha barakoa. Ana pengo la jino moja, na bado mdogo kweli.

Akasema mwezi wa pili aliniambia wameona uvimbe kwenye kichuchu cha nyongo, na wamechukua kipande. Akaniuliza kama nimeelewa, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nitarudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu, nikasema ndiyo. Aliuliza nina mtu wa kunisindikiza, hapo pia nikasema ndiyo, na hilo angalau lilikuwa kweli, alikuwa getini. Walinipigia simu. Simu iko kabatini, nimeizungushia kitambaa isipate vumbi. Baba yako aliposikia hilo alitoka nje.

Ni saratani. Nilimwomba arudie, akarudia polepole. Picha mpya zinaonyesha haijaenda kwenye ini. Wanataka kunipasua mapema iwezekanavyo, na manjano yameanza kurudi, mimi mwenyewe nimeyaona leo asubuhi.

Sijakubali. Safari hii nilisema "bado", neno geni mdomoni mwangu. Baba yako anazunguka nyumba nzima akibishana na viti. Anadhani naogopa kufa. Kufa naogopa kama kila mtu, si zaidi. Ninachoogopa ni pale nitakapoamka. Muuguzi kanionyesha chumba chenyewe cha wagonjwa mahututi. Wote wamejifunika, mchana na usiku. Nitafungua macho nimefungwa mirija, siwezi kusema, sisikii, na kila uso hauna mdomo. Watanigeuza, watanichoma, watazungumza juu yangu, na mimi sitajua kama ninapona au ninaagwa. Nani ataniambia kama bado nipo?

Shangazi yako


21 Mei

Shangazi,

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nakuja na basi la Ijumaa, huenda nikaitangulia barua hii. Nimezungumza na muuguzi mkuu wa kile chumba kwa simu. Mwanzoni alikataa, sheria za usafi. Nikamweleza mitambo, midomo, sebule ya zambarau, kila kitu. Akasema ndugu mmoja ataruhusiwa kusimama nyuma ya kioo cha dirisha la ndani, mkabala na kitanda chako, uso wazi.

Nitakuwa pale. Utafungua macho utaona mdomo wangu.

Kubali, Shangazi. Kwa kuwa umesikia, safari hii kubali.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu Bi Maswali,

Natumaini umefika salama na wale mafundi vioo hawajachinjana. Mimi natembea mpaka kwa mwenye duka na kurudi. Nakula kidogo kidogo, mara nyingi, kama kuku. Macho meupe. Kovu linawasha, lakini kuwasha kwa kupona mtu unakujua. Baba yako amejifunza kupika supu na hakuna anayethubutu kumwambia ukweli kuhusu hiyo supu. Cherehani nimeigusa jana, nikashona pindo la mto mmoja, nikalala.

Sitasahau lile dirisha. Nilipoamka mara ya kwanza sikukumbuka jina langu, lakini nilikuona unasema "upo, upo, upo," bila kuchoka, na pumzi yako ikatia ukungu kwenye kioo ukafuta kwa mkono wa sweta. Hilo nitakushukuru siku zangu zote.

Sasa jambo lenyewe.

Juzi nilienda kliniki, peke yangu, nikakaa upande wa dirishani. Daktari akashusha barakoa bila kuambiwa. Akasema uvimbe ulitoka wote, kingo za mahali walipokata ni safi. Akasema kati ya tezi walizotoa pamoja nao, zile ambazo saratani hupitia ikianza kusambaa, moja ilikuwa imeguswa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Moja. Akashangaa, akasema alikuambia wewe mlangoni mwa wodi, majibu yalipofika, na ulimwomba akuachie unieleze mwenyewe.

Nakumbuka siku ile. Ulikuja ukakaa kitandani, ukanishika mguu juu ya shuka, nikakuuliza majibu. Ukasema, "Tezi zote safi, Shangazi." Ulisema ukiwa umenielekea, kwenye mwanga mzuri, polepole, kila neno likasomeka. Hukugeukia ukuta. Wewe mwenyewe uliyenifanya nimwambie daktari nionyeshe mdomo.

Siku hiyo nikakuitikia ndiyo, na kwa mara ya kwanza maishani ilikuwa ndiyo ya kweli, nilikuwa nimesikia kila kitu.

Sijakasirika. Nilikasirika juzi, leo nimeamka imepungua. Najua ulikuwa umesimama nyuma ya kile kioo siku ngapi, na labda mdomo ulikuwa umechoka kusema mambo ya kweli. Lakini nilimwuliza daktari tezi moja maana yake nini kwangu, wanataka kuniwekea dawa za mishipani au la, nitaishi miaka mingapi. Akasema dawa zinashauriwa, na miaka hawezi kujua. Nikamwambia arudie, akarudia kwamba hajui. Nimemwamini, kwa sababu alionekana anaona aibu.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi nikubali hizo dawa au nikatae. Sijamjibu, wala sijamwambia baba yako kuhusu ile tezi. Nakungoja wewe.

Basi niandikie upya. Anza na salamu kama kawaida, nieleze chumba, nieleze wanafunzi wako na vichekesho vyao. Kisha nieleze ile tezi, yote unayojua, na mahali unapoogopa uandike kwamba hapa naogopa. Nitakaa dirishani niisome.

Shangazi yako